Pikipiki Iliyogonga kwa Ndani

Ko.

Sauti ndogo tu, kama ukucha ukigonga kibuyu kikavu. Hulda aliisikia mara ya kwanza katika uwanja wa kanisa lake la mtaa wa Beu, Jumapili ile pikipiki ilipoombewa. Hata sasa, mvi zimeshamjaa, ukimuuliza habari za miaka ya vita haanzi na risasi. Risasi, anasema, kila mtu alizisikia. Ile ko ilikuwa yake peke yake.

Hulda alikuwa mkunga. Zahanati yake, mali ya kanisa, ilikuwa na vyumba viwili katika Ruwenzori, mojawapo ya komuni za mji wa Beni, na kazi yake ilikuwa zaidi ya masikio kuliko ya mikono. Alikuwa na pembe ya mbao, fupi kama kiganja, iliyopanuka upande mmoja mithili ya ua la boga. Upande mpana aliuweka juu ya tumbo la mama, upande mwembamba sikioni, akafumba macho na kusikiliza moyo wa mtoto. Mbao ile ilikuwa imeng'aa kwa kusuguana na shavu lake miaka kumi na minane. Alijua moyo uliotulia, moyo unaokimbia na moyo unaochoka. Wanawake walitaniana kwamba mbele ya Mama Hulda hakuna haja ya kudanganya, maana atausikia uongo ukiwa bado tumboni.

Mwaka ule watu wa Mambasa na Komanda walikuja kwa miguu, magodoro vichwani, wakikimbia vita, na wengi wao wakatua Mavivi, kaskazini ya mji. Miongoni mwao walikuwa wanawake wenye mimba, na mkunga wa karibu alikuwa Hulda. Kutoka zahanati mpaka Mavivi kwa miguu ni asubuhi nzima, na mtoto hangoji asubuhi iishe. Hapo akina mama wa kanisa la Beu wakaamua kumnunulia pikipiki. Wengine walitoa maharagwe, wengine madebe ya mawese, wengine vitenge walivyokuwa wamevihifadhi kwa arusi za binti zao. Kuendesha Hulda alikujua. Mume wake, aliyekuwa mnunuzi wa kahawa, alimfundisha kabla hajafa. Watu walicheka wiki moja, kisha wakazoea.

Pikipiki wakati ule ilinunuliwa Butembo, mji ulio kusini mwa Beni, na mwenye duka alikuwa Papa Syauswa, mzee wa koti na kofia aliyeziagiza kutoka Asia. Zilifika vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao, na fundi wake, Mbusa, aliziunganisha mbele ya mnunuzi. Karatasi ya dhamana haikuwapo. Kulikuwa na mlima. Mnunuzi alimpakia mtu nyuma, akapanda kilima kilicho juu ya soko mara tatu, mpaka mashine ikawaka sawasawa, kisha akarudi dukani wakapeana mkono. Kasoro iliyoonekana kabla ya mkono ni ya Syauswa. Baada ya mkono ni yako. Mji mzima uliijua kanuni hiyo, na katika vita, ambapo kila ofisi ilikuwa na bosi mpya kila msimu, mkono wa Syauswa ulikuwa na nguvu kuliko muhuri.

Lakini Mama Mariette, mwenyekiti wa akina mama, aliukataa mlima.

"Hii piki ni ya Mungu," alisema. "Haiwezi kubeba mutu kama haijaombewa."

Hulda alikuwa pembeni yake. Alitazama mlima, akatazama uso wa Mama Mariette uliokuwa uking'aa kwa furaha, akakubali. Mkono ukatolewa bila mlima. Wakaipakia pikipiki juu ya lori la viazi, wakaifunika kitenge kipya.

"Bamama," Mbusa akacheka, "piki munaifunika sawa bibi-arusi?"

"Ndiyo," akajibu Mama Mariette. "Na wewe hatukukualika ku ndoa."

Basi ikaombewa Beu, mchungaji akaweka mkono juu ya tangi, akina mama wakapiga vigelegele, na Hulda akazunguka uwanja wa kanisa. Mzunguko wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa nne, mashine ilipopata joto, ikagonga. Ko. Alizima, akasogea kwa Mama Mariette na kumnong'oneza.

"Mama, kuna kitu inagonga mule ndani."

"Wapi?"

"Juu, ku kichwa ya mashine."

Mama Mariette aliendelea kutabasamu kwa ajili ya watu. "Mama Hulda, tumetoka kuiombea sasa hivi. Ukisema iko na ugonjwa, bale bamama benye balitoa bitenge byao batasema nini? Maombi haikufika? Acha. Hata biatu bipya binalia."

Hulda akacheka. Alitaka iwe ni viatu vipya tu vinavyolia, na kwa kutaka hivyo akanyamaza.

Siku kumi na moja aliendesha. Safari fupi fupi, Beu, soko, zahanati, kwa kuwa Mavivi hakuitwa, na mashine haikupata nafasi ya kuchemka sana. Alipoisikia tena alianza kuimba juu yake, nyimbo za kanisa, kwa sauti. Watu wa barabarani walipunga mikono wakidhani ni furaha.

Siku ya kumi na mbili, asubuhi baada ya mvua, mtu alikuja mbio kutoka Mavivi. Mama mmoja wa Komanda, jina lake Anne-Marie, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, na mtoto amekaa tumboni kama kuni iliyokingama mlangoni. Hulda akachukua pembe na mkoba, akapanda. Kwa mara ya kwanza aliikimbiza pikipiki, na kwa mara ya kwanza mashine ilisema yote iliyokuwa nayo. Ko, ko, ko-ko-ko, kisha chuma kikalia, gurudumu la nyuma likagoma, naye akaanguka kwa magoti matopeni.

Nusu ya njia ilikuwa bado mbele. Mbele kidogo kulikuwa na kizuizi cha askari wawili.

"Eh, mama!" mmoja akaita. "Leo ni piki yenye kukupanda weye?"

Akiiacha pale, asingeikuta. Ilikuwa vitenge vya akina mama, ilikuwa maharagwe yao. Akaisukuma. Aliisukuma ikizama, yeye akiteleza, mpaka akapata ua wa mtu aliyemfahamu, akaiacha humo na kukimbia. Muda ule wa kusukuma hajaweza kuusamehe mpaka leo.

Alipofika, Anne-Marie alikuwa amelala juu ya turubai, midomo mikavu. Hulda akaweka pembe. Akaihamisha. Akaihamisha tena, kushoto, chini, juu ya kitovu. Wanawake walikaa kimya ili asikie, na kimya kile ndicho alichokisikia. Hulda alimwokoa mama. Mtoto, wa kike, walimzika mchana ule nyuma ya shule.

Kabla hajaondoka Anne-Marie alimshika mkono. "Mama, umetembea mu matope yote ile sababu ya mimi. Wasingya." Ni asante ya Kinande, lugha ya watu wa Beni. Hulda akainama kufunga mkoba.

Wiki hiyo hiyo aliipakia pikipiki kwenye lori, akaenda Butembo peke yake.

Papa Syauswa alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akavua kofia.

"Pole sana, mama. Lakini mulima hamukupanda. Na mukono tulipeana. Nikirudisha mukono kwako, kesho duka nzima itarudi."

"Tena bamama munawekaka essence ya chupa," Mbusa akadakia, akimaanisha petroli ya kando ya njia, "ile banachanganya na mafuta ya taa. Mashine inakunywa, inalewa, inakufa. Piki ikifika hapa iko na makosa, kumbe ni dereva."

Wabeba mizigo waliokuwa mlangoni wakacheka. Hulda akawaacha wamalize.

"Papa," akasema, "kwa mulima uko na haki. Sikukuja kubishana nawe. Nakuomba kitu moja. Hii ingine ya dukani, yenye ilikuja pamoja na yangu, muiwashe. Na yangu muiwashe. Zingurume muda wa kupanda mulima. Kisha usikilize."

"Tusikilize na nini?" mzee akauliza.

Akatoa pembe mkobani.

Kicheko kikajaa barabara. "Mbusa!" mbeba mizigo mmoja akapiga kelele. "Piki iko na mimba ya miezi ngapi?"

"Nyamaza weye," Hulda akamjibu bila kugeuka, "tusije tukakuita baba yake."

Sasa walimcheka yule, na Syauswa naye akacheka, na kwa kuwa alikuwa amecheka ilimbidi akubali. Mashine ya Hulda, iliyokuwa imepoa siku tatu, iliwaka kwa shida, ikikohoa. Ya dukani iliwaka mara moja. Ziliachwa zikinguruma bega kwa bega mpaka joto likafika kwenye nyuso za watu. Ndipo Hulda akaweka upande mpana wa pembe juu ya ile ya dukani na kumwita mzee.

Syauswa alitandika kipande cha katoni, akapiga magoti na koti lake, akaweka sikio. Ndani mlikuwa na sauti iliyolowa, laini, kama mvua ndogo juu ya majani ya migomba. Kisha Hulda akahamishia pembe kwenye ya pili. Mzee akafumba macho. Ko, ko, ko. Na chini yake ukavu, chuma na chuma bila kitu katikati. Alikaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, naye Hulda alimtambua: ndivyo yeye mwenyewe alivyokaa Mavivi, akingoja sauti nyingine ije.

"Fungua," Syauswa akamwambia Mbusa.

Mbusa akafungua kichwa cha mashine. Vyuma vya ndani vilikuwa vimeungua rangi ya bluu, vikavu kama mifupa. Akachukua waya mwembamba, akauingiza katika tundu linalopandisha mafuta. Ukaingia nusu ya kidole, ukasimama. Akausukuma, haukusogea. Akafungua na ile nyingine, akaingiza waya huo huo, ukatokea upande wa pili ukiwa umelowa mafuta.

Hakucheka tena. "Haikutobolewa," alisema. "Balianza tundu, balisahau kumaliza. Mama, haikuwa essence. Unisamehe."

Hulda alishika kile kipande cha chuma. Kilikuwa kizuri kwa nje, kimeng'arishwa. Mahali fulani mbali, katika nchi asiyoijua jina la mji wake hata mmoja, mtu alikuwa amesimama mbele ya mashine ya kutoboa. Labda saa ya chakula iligonga. Labda alisikia chombo chake kinalia vingine siku hiyo, akatazama msimamizi, akatazama kazi iliyobaki, akaona ni afadhali kipite. Hakuweza kumchukia. Alimjua mno.

"Mulima ungesema," Syauswa alisema, kama anayeongea na kofia yake. "Mara ya pili tu, ungesema." Akaagiza mashine nzima ya ile nyingine ihamishiwe kwenye ya Hulda. Akawataja watu watano walionunua kutoka shehena ile ile, wa Butembo na wa Lubero, akamtuma mbeba mizigo yule yule aliyekuwa akicheka awaite warudi na pikipiki zao. Halafu akamgeukia Hulda.

"Weye ulisikia lini mara ya kwanza?"

Swali lilikuwa la kawaida, la mtu anayetaka kuelewa bidhaa yake.

"Mu njia," Hulda akajibu. "Nikiendaka Mavivi."

Mzee akatikisa kichwa kwa huruma. Uongo ule, mdogo kama punje, Hulda aliubeba siku yote Mbusa alipokuwa akifanya kazi.

Kesho yake alipanda mlima. Mbusa alikaa nyuma, amemshika mabega kwa woga. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na mashine ilipanda ikinong'ona mvua yake ndogo. Dukani aliweka pembe, akasikiliza. Akampa Syauswa, naye akasikiliza. Wakapeana mkono.

Akaondoka kuelekea Beni, akapita Maboya, akiteremka kutoka baridi ya Butembo mpaka joto lililomfungua vifungo vya sweta. Hakuimba. Upande wa kulia milima ya Ruwenzori ilijitokeza katikati ya mawingu, ikajificha tena. Alifika Beni, akaona njia ya kwenda Beu ambako Mama Mariette alikuwa akimngoja, na hakukata kona. Alinyoosha moja kwa moja hadi Mavivi.

Anne-Marie alikuwa ameketi nje, akichambua sombe, majani ya muhogo, pamoja na wanawake wengine. Alipomwona alisimama haraka, akawaita wenzake.

"Ni huyu! Ni ule mama niliwaambia. Piki ilimufia mu njia, akakuja na miguu, matope mpaka hapa!" Akaonyesha kiuno. "Mutu mwingine angerudi. Yeye hapana."

"Mungu akubariki, mama," wakasema wanawake. Mmoja akamletea kiti, mwingine akafuta kiti kile kwa kitenge chake.

Hulda hakukaa. Alizima pikipiki, na mashine ikanyamaza vizuri, bila kugonga. Angeweza kuichukua baraka ile. Ilikuwa imeshatolewa, na hakuna aliyedai ushahidi. Alimshika Anne-Marie mkono, akamvuta hatua chache mbali na wengine, hadi mahali sauti yake isingewafikia. Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, hata Anne-Marie akalazimika kumsogezea sikio:

"Ile piki, nilisikia iko mubaya tangu siku ya kwanza. Nikanyamaza."