Uvimbe wa Mama Mdogo Ndani ya Yai

Miaka ile ya hamsini nilikuwa dresa, mfunga vidonda na msaidizi wa daktari, katika hospitali moja ya misheni, Iringa. Daktari wetu Mzungu alikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, na humo mashine ya kuangulia mayai iliyopashwa moto kwa taa ya mafuta. Hatukuangua vifaranga. Yai likishakaa siku kumi, Daktari alitoboa ganda, akaweka kipande cha uvimbe wa mgonjwa wa kansa juu ya utando wenye mishipa ya damu, akaziba kwa nta. Alitaka kuona kama uvimbe utaota humo, ili siku moja aujaribie dawa bila kumtesa mtu.

Mimi nilichunga joto. Likizidi, kifaranga kinakufa, likipungua, kinakufa. Hakuna mwingine aliyeijua taa ile, hata Jumapili sikutoka.

Masika yalipoanza, mama yangu mdogo aliletwa kutoka Mbeya, titi la kushoto limevimba na kuwa gumu.

"Mwambie nataka kipande kidogo," Daktari alisema. "Kitatusaidia kutafuta dawa."

Nikamwambia hivyo hivyo kwa Kinyakyusa. Sikuongeza kwamba dawa hiyo, hata ikipatikana, haitamkuta. Akakubali kwa sababu aliyesema ni mimi.

Baada ya wiki tukafungua mayai. Katika matatu kipande kilikuwa kimeshika na kunenepa, mishipa imekizunguka. Daktari alinipiga bega akicheka kwa furaha. Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda wodini kumbadilishia mama mdogo bandeji.

"Dawa imepatikana?"

"Bado, mama."

"Basi nipeleke nikaone."

Nikampeleka wakati Daktari yuko kwenye upasuaji. Nikatoa yai moja, nikammulikia kitundu chake. Alitazama sana.

"Hiki ni changu?"

"Ni chako, mama."

"Kinashiba," alisema. "Na wewe ndiye unayekilea?"

Nikarudisha yai mahali pake, maana lilikuwa linapoa.

Siku chache baadaye aliomba kurudi kwake. Nikaomba ruhusa ya kumsindikiza, Daktari akasema mayai mapya yameshaingia. Nikampandisha basi pamoja na mama mmoja wa kanisani aliyekuwa akienda Chimala, nikawaombea safari njema dirishani, nikarudi chumbani kusoma kipimajoto.

Habari za kifo chake zilinifikia kwa barua, akiwa ameshazikwa.

Sikuacha kazi, nyingine sikuijua. Lakini siku moja alikuja mama kutoka Idodi mwenye uvimbe shingoni, na Daktari akasema tena, "Mwambie." Nikamwambia yote, kwa Kiswahili, ambacho Daktari alikisikia vizuri ingawa alikizungumza kwa shida. Nikasema kipande chake kitaoteshwa ndani ya yai, na kwamba yeye hakitamponya. Pengine kitawafaa watu wengine, miaka mingi ijayo.

Mama yule akakunja kanga yake.

"Kama ni hivyo, mwanangu, sitaki."

Daktari akaweka kisu kwenye sinia. Alinitazama, nami nikangoja anifukuze. Moyoni nilitamani anifukuze.

"Nenda kaangalie joto," akasema.

Nikaenda.