Kiti cha Mzee Mudi

Ukifiwa Mikumi au Kilosa, na ukoo unataka kugawana vyombo bila kushikana mashati, wa kuitwa alikuwa Ziada binti Mudi. Duka lake la vitu vya kale lilikuwa kando ya barabara kuu Mikumi, alilokabidhiwa na baba yake, Mzee Mudi, alipochoka; ndani mlijaa vitanda vya chuma vya mashamba ya mkonge, taa za zamani za reli, redio za mbao zisizosema neno. Kazi yake ya pili ilikuwa kukadiria mali za marehemu, na huko ndiko roho yake mbaya ilikopata malisho.

Alikuwa na utaratibu wake. Vyombo vyote vitolewe uani, juani, mbele ya ukoo. Kisha anapita polepole, mikono nyuma, anasukuma kila kitu kwa ncha ya kiatu na kukitajia bei. Kile alichokitaka mwenyewe hakukitajia bei. Alikipiga teke dogo akasema, "Kuni." Hakuna aliyebisha, maana mjuzi ni yeye. Baadaye alimtuma mtu akazichukue hizo kuni kwa bei ya gunia la mkaa.

Ndivyo alivyomfanyia jirani yake, Lea, alipofiwa na mume. Lilikuwa sanduku la mninga lenye njumu za shaba. Lea alilia, si kwa ajili ya bei, bali kwa kusikia kitu alichokipangusa vumbi tangu uchumba kinaitwa kuni. Siku zikapita, akapata kibarua cha kufua mashuka katika hoteli moja ya watalii, akalikuta sanduku lake mapokezi, limepakwa vanishi na kuwekewa maua juu. Hakumwambia mtu. Aliendelea kumsalimu Ziada kama kawaida, na Ziada kwa kiburi chake akadhani hajui kitu.

Kisha Mzee Mudi akafariki. Duka lilikuwa tayari la Ziada, lakini kiti cha mzee hakikuwa chake. Kilikuwa cha miguu mitatu na mgongo mrefu, kimechongwa kwa gogo moja, mzee alichoachiwa na mjomba wake. Kwa mila ya ukoo wao kiti cha namna hiyo hakiendi kwa mtoto, kinakwenda kwa mpwa, na mpwa alikuwa Nassir wa Magole, mtu ambaye angekiuza kabla hajafika kwake. Ziada alikitaka hadi usingizi ukamkimbia. Utotoni alijifunza mbao akiwa ameegemea kiti hicho, baba akimwambia anuse kwanza, aguse, ndipo aseme.

Siku ya arobaini vyombo vikatolewa uani. Nassir akamwomba Ziada akadirie mwenyewe, kwani nani mwingine anaweza? Akapita, mikono nyuma. Alipofika kwenye kiti cha baba yake akakipiga teke.

"Kuni," akasema.

Nassir akainua mabega, akahamia kwenye redio.

Lea alikuwa kwenye mafiga na wanawake wa mtaa, wakipika pilau ya dua. Akaja akijifuta mikono kwa kanga.

"Pole tena, dada Ziada. Kuni zimetuishia na wali haujaiva. Hicho tukipasue?"

Ziada akisema si kuni, Nassir anakichukua hapo hapo, na wajane waliokaa kwenye mkeka wataanza kukumbuka kuni zao, mmoja mmoja. Akamtazama Lea usoni, akaelewa kwamba anajua, na kwamba amejua siku nyingi.

"Pasueni," akasema.

Shoka halikuwa mbali. Kiti kilikuwa kikavu, kikawaka vizuri bila moshi, na wanawake wakakisifia. Pilau ilipoiva, Lea alimpakulia Ziada kwanza, sahani ikajaa, akaketi mbele yake kumngoja. Chakula cha dua ya baba yako hukikatai mbele ya watu. Ziada akala, mpaka sahani ikabaki nyeupe.