Bastola Haikabidhiwi Mkononi

Kabla sijamtaja mtu, hebu nyoosha mikono yako mbele uitazame. Chukulia kuna mzee ameketi, ameomba maji, na glasi unayo wewe. Utampaje? Mkono wa kulia utatangulia, wa kushoto utashika kiwiko, na goti litalegea kidogo hata kama una haraka zako. Hukumbuki ni nani aliyekufundisha. Mikono yenyewe inajua. Basi mikono ya namna hiyo, yenye adabu kuliko mwenyewe, ndiyo iliyotaka kumharibia mama mmoja aitwaye Nsimire jambo alilolisubiri miezi sita.

Nsimire ni mzaliwa wa Bukavu, Kongo. Hapa Sydney anaendesha forklift, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye ghala moja la Wetherill Park, zamu ya alfajiri, na wenzake watakwambia kwamba anaweza kupandisha shehena ya mayai mpaka rafu ya juu kabisa bila yai moja kupiga chafya. Anaishi Bankstown na binti yake Bénie, anayesoma chuo kikuu kule Kensington. Bénie anasikia Kiswahili chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza.

Aliyempeleka Nsimire kwenye bastola ni Mzee Oloo, Mkenya, nesi mstaafu, anayesali nao kwenye ibada ya Kiswahili. Mzee huyu amekuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha kwa miaka ishirini na miwili. Siku moja baada ya ibada akauliza nani angependa kwenda kujaribu. Vijana wakatunisha vifua, kila mmoja akaapa kwamba atakuja. Jumamosi ilipofika, aliyemkuta getini ni Nsimire peke yake, na kopo lake la chakula mkononi.

"Wale makamanda wako wapi?" Oloo akauliza.

"Walikuja kwa mdomo, Mzee," Nsimire akamjibu. "Miguu ilibakia nyumbani."

Alikotoka Nsimire, bunduki ilikuwa kitu cha mtu mwingine. Uliisikia, ukalala chini, ukasubiri mwenyewe aondoke. Kwenye uwanja ule aliikuta imelala mezani, mdomo wa mtutu ukitazama tuta la udongo, na hakuna wa kuigusa mpaka msimamizi aseme. Hilo lilimshangaza kuliko mlio. Silaha inayosubiri ruhusa! Akarudi Jumamosi ya pili. Akarudi ya tatu. Kufikia ya nne matundu yake kwenye karatasi yalianza kukaribiana kama watu wanaotaka kuambizana siri.

Sasa, sheria za huku hazikuachii ununue bastola kama unavyonunua sufuria. Mgeni anatumia za klabu kwanza, miezi sita, huku anatazamwa. Klabu ikiridhika naye inamwandikia barua, ndipo aombe polisi kibali cha kununua yake ya kwanza, na kabati la chuma la kuifungia liwe tayari nyumbani. Bila barua, hakuna safari.

Na kosa lake la kwanza Nsimire alilifanya mapema, mwezi wa kwanza tu.

Msimamizi wa uwanja ni mama mmoja wa Kiaustralia, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa karibu na kichwa na sauti inayopasua viziba masikio. Oloo humwita Sajini, ingawa jeshini hajawahi kuingia. Siku hiyo Nsimire alimaliza risasi zake, akageuka, akamwona Sajini amesimama nyuma yake. Mtu mzima, tena kiongozi, na chombo ni cha klabu. Mikono ikafanya kama ilivyozoea. Akaishika bastola kwa mikono miwili, goti likalegea, akamgeukia ampatie.

Mdomo wa mtutu ukapita kwenye tumbo la mzee mmoja aliyesimama nafasi ya nne.

"STOP!"

Ilikuwa sauti ya Sajini, na kila mtu akashusha mkono. Bastola ilikuwa tupu, ndiyo, lakini pale hakuna anayeamini neno "tupu" mpaka aone kwa macho. Sajini akafungua daftari akaandika. Kisha akamwambia, taratibu, na huo utaratibu wake ndio uliotisha: bastola haikabidhiwi mkononi. Unatoa magazini, kile kibweta cha risasi. Unavuta sehemu yake ya juu nyuma, uone chumba cha risasi ni kitupu. Unailaza mezani, mdomo kwenye tuta, unarudi nyuma hatua moja. Anayeitaka ataifuata mezani. Kosa la namna hiyo likitokea mara ya pili, hakuna barua, na uanachama umeisha.

Njiani kurudi, ndani ya gari la Oloo, Nsimire aliitazama mikono yake.

"Kwetu," akasema, "ukimtupia mzee kitu ku meza, unamwambia ajiokotee kama kuku."

"Kwetu pia," Oloo akacheka. "Lakini pale si kwetu, mama. Pale meza ndiyo mzee."

Basi Nsimire akaanza kujifunza upya. Kule ghalani, wakati wa mapumziko, watu walimwona akilaza kalamu mezani na kurudi nyuma hatua moja. Wakadhani ni mambo ya kanisa.

Miezi sita ikatimia Jumamosi moja ya Julai, asubuhi ya baridi kavu. Siku hiyo ilikuwa na kazi mbili: kuchagua aina ya bastola atakayoiombea kibali, na Sajini kumtazama mara ya mwisho kabla ya kutia saini barua. Bénie naye akaja. Hakuja kushangilia.

"Kama naona kitu kimoja tu cha kunitisha," alimwambia mama yake kwa Kiingereza garini, "hiyo bastola haiingii kwenye nyumba ninayolala."

"Basi angalia muzuri," Nsimire akamjibu. "Angalia na macho yote mbili."

Oloo alikuwa ameomba bastola tatu zipangwe mezani, kila moja imefunguliwa, risasi pembeni. Sajini akasimama nyuma kidogo, daftari kifuani. Mbele ya miguu yao kulikuwa na mstari wa njano: anayelenga yuko mbele ya mstari, wengine wote nyuma. Bénie akakaa kwenye benchi la nyuma kabisa, amevaa viziba masikio vikubwa kama nusu mbili za nazi.

Ya kwanza ilikuwa bastola ya upepo. Haina kelele, gharama ndogo, wengi huanzia hapo. Nsimire akainua mkono. Nyepesi mno. Kila moyo ulipopiga, kilengeo kiliruka nao, na siku ile moyo ulikuwa unapiga ngoma ya harusi. Risasi tano zikatawanyika kwenye karatasi kama kuku waliofukuzwa. Akatoa, akavuta, akalaza, akarudi nyuma hatua moja. Kalamu ya Sajini ikaandika kitu. Nsimire hakuthubutu kutazama ni nini.

Ya pili ilikuwa ya silinda inayozunguka, mpini wa mbao iliyong'arishwa, nzuri ya kutamanisha. Oloo mwenyewe aliipenda.

"Hii ndiyo ya kuonyesha wageni," alisema.

"Miye sina wageni wa kuonyesha bunduki, Mzee."

Akaijaribu. Triga yake ilikuwa nzito. Kila alipoivuta, kidole kilivuta na kiganja, na mtutu ukazama kushoto. Risasi ya nne ikatoboa nje kabisa ya duara. Akasita. Nyuma yake alihisi macho matatu: ya mzee aliyemdhamini, ya mtoto wake, na ya kalamu. Akaishusha bila kupiga ya tano, akaitoa risasi iliyobaki, akalaza bastola. Hatua moja nyuma.

"Sio hii," akasema.

Ikabaki ya tatu. Ilikuwa bastola ya zamani ya risasi ndogo, pointi ishirini na mbili, mtutu mrefu, nyeusi iliyochujuka, mbaya kama koleo la fundi bomba. Oloo aliileta kwa ajili ya kukamilisha hesabu tu. Nsimire alipoishika, uzito wake ukakaa pale pale mkono unapoanza, kama usukani wa mashine yake kule ghalani. Ukawa ni uzito anaoujua. Akajaza risasi tano mwenyewe, akasubiri ruhusa. Uwanja ulikuwa na watu nafasi ya pili na ya nne, nao pia wanangoja.

Ruhusa ikatoka.

Moja. Kilengeo hakikuruka. Mbili. Akapumua, akaacha nusu ya pumzi. Tatu. Mlio wa jirani ukagongana na wake, hakujali. Nne. Tano. Akashusha mkono mpaka usawa wa meza, mtutu bado umeelekea kwenye tuta.

Oloo alikuwa ameweka jicho kwenye darubini yake ndogo. Akapiga kelele:

"Wee! Mama Bénie! Yote kwenye duara nyeusi! Yote, nakwambia, unaweza kufunika na kizibo cha soda!"

Na mzee huyu, mwenye miaka sabini na minne, aliyewafundisha wageni wangapi sijui, furaha ikampanda kichwani. Akavuka mstari wa njano. Akafika ubavuni pa Nsimire, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja wazi, hatua moja tu kutoka kwake.

"Lete nione! Lete hiyo kitu, mama. Miaka yote nimeidharau bure. Lete!"

Hapo ndipo pagumu, ndugu zangu. Mkono ule haukuwa wa mtu baki. Ndio uliotia sahihi fomu zake. Ndio uliomwendesha kila Jumamosi. Ulikuwa hewani, mbele ya wazungu na mbele ya mtoto, ukingoja. Kuuacha hivyo ni kumvua mzee nguo hadharani. Na Nsimire akahisi mkono wake wa kushoto unaondoka taratibu kwenda kushika kiwiko cha kulia. Hakuutuma. Ulikuwa unajiendea. Goti nalo likaanza kulegea.

"Mum," Bénie akasema kutoka kwenye benchi, kwa sauti ndogo ambayo Nsimire hakuisikia.

Sajini alifungua mdomo. Nsimire akamtangulia.

"Hapana, Mzee."

"Nini?"

"Unisamehe. Sikuzarau. Lakini hapana."

Akamgeuzia mzee bega, macho kwenye tuta. Mkono wa kushoto uliokuwa unakwenda kwenye kiwiko akautuma kazi nyingine. Akabonyeza, magazini ikatoka, akaiweka kando. Ilikuwa tupu. Akavuta sehemu ya juu kurudi nyuma, akiwa na hakika hapana kitu.

Risasi moja, nzima, ikaruka nje. Ikaanguka mezani, ikaviringika, ikagota kwenye ukingo.

Mlio ule wa tatu, aliouhesabu kuwa wake, ulikuwa wa jirani; kidole chake kilikuwa hakijafika mwisho. Alikuwa amepiga nne. Ya tano ilikuwa chumbani, imetulia, inangoja kidole cha yeyote ambaye angeipokea kwa furaha.

Nsimire akachungulia chumba, akachungulia tena. Akailaza bastola mezani ikiwa wazi, mdomo kwenye tuta. Akarudi nyuma hatua moja.

"Sasa iko ku meza, Mzee," akasema.

Mkono wa Oloo ulikuwa bado hewani. Akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Kisha akaushusha, akarudi kinyumenyume mpaka nyuma ya mstari wa njano, akavua viziba masikio vyake.

"Niandike," akamwambia Sajini. "Andika mimi. Nimevuka mstari, nimeomba silaha mkononi. Miaka ishirini na miwili, leo ndiyo mara ya kwanza."

Sajini akaandika. Aliandika muda mrefu, mistari miwili mitatu. Kisha akageuza ukurasa, akamuuliza Nsimire anachagua ipi kati ya zile tatu.

"Ile mubaya," Nsimire akasema. "Ile nzito."

Sajini akaangalia ile risasi pembeni ya meza, akatoa nyuma ya daftari barua iliyokuwa imeandikwa tayari, akatia saini akiwa amesimama.

Msimamizi alipomaliza kuzifungia bastola zote, Nsimire alimfuata Oloo kwenye benchi. Mzee alikuwa amejiinamia. Sasa mikono ya Nsimire ilikuwa mitupu. Akanyoosha wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko, goti likalegea kabisa, mpaka karibu na sakafu, akamsalimia kama vile ndiyo kwanza wakutane siku hiyo. Oloo akaupokea mkono ule, akaushika, hakuuachia upesi.

"Uliniacha na mkono hewani kama trafiki wa Kisumu," akasema.

"Afazali hewani, Mzee."

"Afadhali," Oloo akakubali. "Afadhali sana."

Walipofika barabara kuu, Bénie akamgeukia mama yake. Kisha akauliza lile kabati la chuma litafungwa ukuta gani, kwa sababu ukuta wa chumbani kwake ni wa mbao laini, hautashika skrubu ndefu.

Jumapili baada ya ibada Mzee Oloo alikuja kula. Kabati lilikuwa limeshafungwa kwenye ukuta wa ukumbi, bado tupu, maana kibali huchukua siku zake. Nsimire akatoka jikoni na sahani ya ugali na sombe, kisamvu cha kwao. Akaja mpaka mbele ya mgeni, akailaza sahani mezani, akarudi nyuma hatua moja.

Oloo akaitazama sahani. Akamtazama yeye.

"Mama Bénie," akasema, "hata hii sombe nikague kwanza kama ni tupu?"

Bénie akacheka mpaka akakohoa. Nsimire akajishika kinywa, akasogea, akaiinua ile sahani kwa mikono miwili, akampa mzee mkononi.