Fedha ya Kupaka

Ndiyo, nilibishana na daktari, na ningebishana tena leo. Nilikuwa na mimba ya miezi minane, nakaanga mandazi pale Matisi, tumbo likagonga karai. Mafuta yakanimwagikia paja lote. Ngozi ilitoka kama ganda la nyanya iliyochemshwa.

Katika kliniki moja ya Kitale nilipewa mkebe wa krimu nyeupe. "Paka mara mbili kwa siku, mama." Nikausoma ule mkebe. Neno moja la Kizungu nililijua, silver: yale madini ambayo mwalimu wetu alisema kwa Kiswahili ni fedha. Sasa madini juu ya nyama mbichi, na mtoto yuko ndani?

"Daktari, hii fedha inaingia mwilini?"

Hakuinua kichwa. "Fedha ni kule dirishani. Lipa, urudi na risiti."

Foleni nzima ikacheka. Mama mkwe, aliyekuwa ametoka Bumula kuniuguza, akanivuta leso. "Mwanangu, nyamaza. Daktali hajibiwi."

"Kwani yeye ni Mungu? Si fedha ya kulipa, bana! Fedha ya kupaka!" Hasira na uchungu vilinipanda pamoja. Nikakalia benchi kwa upande mmoja wa makalio. "Siondoki hapa mpaka niambiwe inaenda wapi."

Muuguzi mmoja wa makamo alitoka chumba cha pili kuona ni nani anayefoka. Aliangalia paja, akaangalia tumbo, akamgeukia daktari. "Ulimuuliza kama ana mimba?" Hakuwa ameuliza. Leso ilikuwa imenifunika.

Muuguzi akanieleza polepole. Kwa kidonda kidogo, fedha inayoingia ni chembe tu, haina neno. Lakini ngozi ndiyo mlango, na wangu ulikuwa umeng'oka wote. Tena ndani ya krimu ile kulikuwa na dawa ya salfa. Mtu aliyekaribia kujifungua hapakwi, maana inaweza kumfikia mtoto, azaliwe na ugonjwa mbaya wa manjano. Akauchukua ule mkebe, akanifunga kwa shashi, kitambaa chepesi kilicholowa mafuta ya vidonda.

Siku hizi mama mkwe akipewa dawa ya presha kule Bungoma, anamuuliza daktari inaingia wapi. Mimi bado wananisema, ati nina mdomo. Sawa. Mdomo ninao, na mtoto ninaye.