Hisa za Kampuni

Ribca Nunes alishuka New Amsterdam, koloni la Waholanzi huko Amerika, na nguo alizovaa tu. Vyombo vyake nahodha alivipiga mnada gatini kufidia nauli ya kutoka Resife, Brazili, ambako Wareno walikuwa wameuteka tena mji kutoka kwa Waholanzi na kuwatimua Wayahudi. Na huku nako gavana hakuwataka. Aliandika Uholanzi, kwa Kampuni iliyomiliki koloni, akiomba ruhusa ya kuwafukuza.

Aliyewapokea ni Grietje, mke wa mwoka mikate, Mlutheri. Akampa Ribca na mumewe Moisés pembe ya kulala nyuma ya tanuri. Moisés alikuwa akikohoa tangu safarini. Theluji ilipoanguka, akafa. Baraza la mji lilikataa kuwapa Wayahudi mahali pa kuzikana, basi Harmen, mume wa Grietje, akachukua sururu akaenda kupasua ardhi iliyoganda nje ya ukuta, Ribca akizoa udongo kwa mikono.

Theluji ilipoyeyuka, jibu likaja. Grietje aliingia mbio, unga mpaka kwenye viwiko.

"Dada, hamwendi popote! Mnabaki na biashara mnafanya!"

"Wametuonea huruma?"

"Huruma ya wapi! Matajiri wenu kule Uholanzi wana hisa kwenye Kampuni. Nani anafukuza fedha yake?"

Ribca akacheka, kisha akalia.

Kiangazi hicho askari walimkamata Harmen nyumbani kwake akisali na Walutheri wenzake. Sheria iliruhusu kanisa moja tu, la gavana. Akatupwa ngomeni.

Ribca alikwenda kwa Senhor Pardo, mfanyabiashara mkubwa wa Kiyahudi pale mjini.

"Gavana anakusikiliza. Mwombee Harmen. Huyu ndiye aliyemzika Moisés."

Pardo hakumtazama usoni. "Mama Ribca, tumeachiwa tuuze na tununue. Tukifungua mdomo kwa ajili ya wengine, kesho ni sisi."

Ribca alirudi kwa Grietje akamweleza neno kwa neno.

"Kwa hiyo nyie mna hisa," Grietje alisema, "sisi tuna sala tu."

Kila asubuhi Ribca alipeleka mkate ngomeni, na kila asubuhi askari alikula nusu yake.

Harmen alitoka amekonda, mkono mmoja haunyanyuki. Hakuweza tena kukanda unga. Waliuza tanuri, wakapanda mashua ya kwenda juu ya mto, mbali na macho ya gavana. Ribca aliwabebea godoro lao hadi majini. Grietje alilipokea, akalikunja vizuri, akakaa juu yake bila kusema kwaheri.