Firigisi Niliyowalia Wageni wa Kanada

Admin, nifiche kabisa, hata herufi ya kwanza ya jina langu usiiweke, maana kwetu Uriri watu wananusa. Nina miaka kumi na minane, niko kidato cha tatu, na mdomo ninao, hilo nalikubali mapema. Nawaandikia nikiwa Homa Bay kwa mjomba, ndugu wa mama. Kwetu sikanyagi kwa sasa.

Shuleni tuna mpango wa kusoma pamoja na wanafunzi wa Kanada kupitia mtandao. Kila Alhamisi jioni, ambapo kwao ni asubuhi, tunaonana kwenye skrini na kuzungumza kuhusu muziki, mashamba, vyakula, chochote. Kila mmoja ana mwenzake wa kule. Wangu nitamwita Klea. Shule zilipofungwa mwalimu alitupa tableti twende nazo nyumbani, na wiki hiyo kazi ilikuwa kuonyesha jiko la kwenu na chakula anachopikiwa mgeni.

Mama alifurahi kunishinda. Alimkamata jogoo akasema, "Mgeni ni mgeni. Hata kama wako ndani ya hiyo kitu, huwezi onyesha watu sukuma wiki." Akajifunga leso mpya na kuwasalimia kwa Kiingereza chake, wakampenda papo hapo. Kuku alipoiva, Klea aliuliza mgeni wa heshima hupewa kipande gani. Nikawaonyesha firigisi. Wakaanza kupiga makofi, wananiambia nionje niwaambie utamu wake. Nilimtazama mama, kwa sababu kwetu firigisi ni ya baba, na labda mgeni mkubwa ambaye baba mwenyewe amependa kumwachia. Msichana haigusi. Mama akacheka. "Kula tu, nyathina, mwanangu. Wageni ndio hao, na hawana mikono huku. Wewe unawalia."

Nilikuwa bado natafuna baba alipoinama kuingia jikoni.

Hakuuliza wale ni akina nani. Alisema tu, "Nani amewaambia nimekufa, mpaka mnagawana kitu yangu?" Kisha fimbo ya ng'ombe ikanipata mdomoni. Mama akaingia katikati. Baba alimpiga kichwani, upande wa sikio, mama akaanguka na sufuria ya mchuzi ikamwagikia mkono wake. Mngesikia vile alilia! Baba hakuacha. Alimpiga akiwa chini, na fimbo ilipovunjika akaendelea kwa buti, mbavuni, mgongoni, huku anamtukana mpaka marehemu mama yake. Tableti nilikuwa nimeiegemeza kwenye debe la unga, na iliona kila kitu. Klea alikuwa anapiga mayowe akiita jina langu. Mwalimu wao alikuwa anamwamuru baba aache, kama vile baba angemsikiliza mtu wa kwenye kioo wakati hajawahi kumsikiliza hata chifu.

Mimi sikufikiria kitu. Mkono ulipata mwiko wa ugali, nikampiga nao mdomoni kwa nguvu zangu zote, nikarudia. Jino likatoka. Aliketi chini damu ikimchuruzika kifuani, ananiangalia, na sidhani ni maumivu yaliyomketisha. Mwanamume wa kwetu kupigwa kwa mwiko, tena na binti yake, ni aibu isiyosemeka.

Mwalimu wa Kanada alimpigia mwalimu wetu, mwalimu akampigia chifu, chifu akaja na polisi. Baba yuko rumande Migori. Mama alitibiwa, akaruhusiwa, na mjomba akatuleta huku, mimi na mama tu; wadogo zangu wawili walibaki bomani.

Juzi baba mdogo alifika na wazee wawili. Hawakumuuliza mama anaendeleaje. Baba mdogo alinigeukia mimi: "Umegonga wuonu, baba yako, na mwiko? Hiyo ni chira, laana ya kumaliza boma yote. Lazima ukunywe manyasi usafishwe." Hiyo dawa ningekunywa, sina shida. Shida ni lile walilosema baadaye. "Alhamisi uingie kwa hiyo class yenu, uambie hao wazungu mlikuwa mnafanya drama ya shule. Halafu uambie polisi hivyo hivyo. Kesi iishe, mtu arudi kwake." Nikikataa, wakasema, mama asirudi bomani, na ndugu zangu wadogo waliobaki kule hataruhusiwa kuwaona.

Mjomba aliwafukuza, karibu washikane mashati. Nilidhani mama atasimama na mjomba. Niliketi upande wa sikio lake ambalo bado linasikia, akanishika kwa mkono usiofungwa bendeji, akaniambia, "Sema ni drama. Mimi nimeambia watu nimeanguka mara ngapi? Wewe unashindwa na moja?"

Sijawahi kumkasirikia mama hivyo. Nilitoka nje nikapiga ndoo teke mpaka ikapasuka, nikalia kwa hasira. Namchukia baba kwa mkono ule ulioungua, lakini nilimchukia zaidi nilipoona amemfundisha mama kuongea maneno yake hata akiwa hayupo.

Klea ananiandikia kila siku. Anauliza kama mama yuko hai. Anasema wale wote walioona wako tayari kueleza polisi, mimi nikikubali kwamba ni kweli. Nikisema ilikuwa drama, watanyamaza, na baba atarudi nyumbani. Nikisema kweli, mama atakosa watoto wake wawili, na atajua ni mimi niliyemkosesha.

Kesho ni Alhamisi. Mama ameniomba nimfunge ile leso mpya vizuri ifunike bendeji. Anataka kukaa kando yangu mbele ya skrini, awasalimie wageni na acheke, ili waamini. Sasa hivi yuko chumbani peke yake, na namsikia kupitia ukuta akikijaribu hicho kicheko. Anakianza, mbavu zinamkata, ananyamaza, anakianza tena.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini?