Karavani Iliyopakwa Mafuta ya Nazi

Mwaka ule tuliokula muhogo asubuhi na jioni, hata wali ukawa kama mgeni mlangoni, ndio niliofunga safari kwenda Shanzu. Mjukuu wangu Riziki huuza chai na mahamri ndani ya karavani kuukuu, ile nyumba ya kukokotwa na gari. Mwenye kiwanja alimwambia imepauka, inamtia aibu kwa wageni wa hoteli. Isipopendeza kufikia Ijumaa, iondoke.

Jumatano alfajiri nilitoka Timbwani, kwetu Likoni, nikavuka feri na kikapu changu.

Shanzu nilifika jua limeshapanda. Kalume, mume wa Riziki, akanipokea kikapu: "Karibu, mke wangu." Kwetu mume wa mjukuu ni mume wa bibi vilevile. Nami humwambia hajui kuchagua, mzuri kamwacha Likoni.

Karavani nikaizunguka. Bati halikuwa na neno. Ubovu ulikuwa kwenye plastiki: madigadi yanayofunika magurudumu, kingo za madirisha, vifuniko vya hewa. Ukipitisha kidole, unatoka na vumbi jeupe kama umetoka kusaga unga. Riziki amefanya kazi kwa wapaka magari, hahitaji kufundishwa. Alishaosha, akapiga msasa, akapaka. Rangi ikabanduka kama gamba la nyoka. Akarudia, ikatoka tena. Sasa alikuwa karibu kulia.

Adhuhuri nikainamia digadi lililosuguliwa, linalongoja rangi. Nikanusa. Nazi.

Nikamwita Kalume. "Mume wangu, gari hili umelizaa wewe?"

"Kwa nini, bibi?"

"Maana umelipaka mafuta kama mtoto aliyetoka kuoga."

Akatazama chini. Kumbe kila mkewe akimaliza msasa na kwenda kukanda unga, yeye hupitisha kitambaa cha mafuta ya nazi, ing'ae, amfurahishe. Riziki alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikampa bwana harusi msasa.

Alhamisi ilikuwa ya kusugua. Kalume akaosha kwa sabuni na maji ya moto, akapiga msasa laini, akafuta kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka safi. Riziki akatanguliza rangi ya kushikia plastiki, nyembamba, kisha nyeupe, tabaka juu ya tabaka, kila moja likikauka kwanza. Mume wangu nikamkalisha mbali, mikono mapajani.

Ijumaa baada ya swala mwenye kiwanja akaja. Akakwaruza kwa ukucha, haikutoka. Akasema ibaki. Kisha akauliza bei, anamtafutia bintiye duka. Vijana waliogopa kukataa, maana kiwanja ni chake. Nikajibu mimi: "Haiuzwi, mwanangu. Watoto wanakula humo."

Nilirudi Likoni nimejifunza kwamba mapenzi nayo yana mafuta. Usiposugua, rangi haishiki. Jioni simu ikalia. Ni yule mwenye kiwanja; Riziki, mjanja yule, kampa namba yangu ili amwepuke. Akataja bei, kisha akaongeza. Nikamwacha aseme mpaka akachoka.

"Haiuzwi, mwanangu. Watoto wanakula humo."